Baharia wa meli ya mizigo alikufa vitani, mbona kaburi lake halina jiwe?

Tuanze na mfano, na huu ni mfano tu wa kuelewesha. Mwaka ni 1943, mji ni Mombasa, bandari ya Kilindini imejaa manowari za Mwingereza. Wiki moja wanakufa watu wawili. Wa kwanza ni askari aliyekuwa likizo, amelewa chakari, akagongwa na lori akivuka barabara usiku. Wa pili ni baharia wa meli ya mizigo, kazi yake kuchochea makaa huko chini kwenye injini, ameshapita baharini penye nyambizi za adui sijui mara ngapi akiwapelekea hao askari risasi na unga, akashikwa na malaria, akafia hospitali. Sasa niambie, kati ya hao wawili ni nani ana haki ya kuwekewa jiwe la kaburi la vita, lenye jina lake, likatunzwa mwaka baada ya mwaka?

Ni yule aliyegongwa na lori.

Na hapa hakuna karani aliyekosea, hakuna jiwe lililoibiwa. Sheria inasema hivyo hivyo. Watu wengi wakiona kaburi la baharia limemezwa na nyasi wanaruka kusema "wamesahauliwa", ni kweli wamesahauliwa, lakini kabla ya kusahauliwa kulikuwa na swali moja la kisheria lililoamua kila kitu, yaani huyu mtu alikuwa nani machoni pa serikali siku anakufa. Ukishika hilo swali mengine yote yanaanza kueleweka.

Jibu ni kwamba baharia wa meli za biashara alikuwa raia. Hakula kiapo cha jeshi, hakuvaa sare ya lazima, alisaini kontrakti na kampuni ya meli kwa safari fulani, akimaliza analipwa anaenda zake. Vita vikianza kazi ni ile ile, tofauti tu sasa kuna mtu chini ya maji anataka kukuua. Meli ya abiria Athenia ilizamishwa na nyambizi ya Mjerumani tarehe 3 Septemba 1939, siku ile ile Uingereza inatangaza vita, kwa hiyo hawa watu hawakupewa hata siku moja ya kujipanga. Na sikiliza hii, mpaka Mei 1941 meli yako ikizamishwa mshahara ulikuwa unakatika siku hiyo hiyo, manake kontrakti ilikuwa ya meli na meli haipo tena. Uko kwenye mashua ndogo katikati ya bahari, umeshikilia kasia, na huko ofisini jina lako limeshatolewa kwenye orodha ya malipo. Ilibidi serikali itoe amri mpya mwaka huo wa 1941 ndio mambo yakabadilika. Kufikia mwisho wa vita mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikuwa wamekufa, na kwa hesabu ya idadi yao ni hasara kubwa mno, kuna vikosi vya jeshi ambavyo havikupoteza watu kwa kiwango hicho.

Sasa tuje kwa wenye makaburi. Shirika linaloshughulika na haya mambo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilianzishwa kwa hati ya kifalme Mei 1917, mtu aliyesukuma hilo wazo akiwa Fabian Ware. Leo inatunza kumbukumbu za watu kama milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150, pamoja na yale makaburi ya Ngong Road hapa Nairobi ambayo wengi wetu tunayapita tukiwa ndani ya matatu bila hata kugeuza shingo. Tume ina kanuni zake. Kwanza tarehe: Vita vya Kwanza vinahesabiwa kuanzia 4 Agosti 1914 mpaka 31 Agosti 1921, Vya Pili kuanzia 3 Septemba 1939 mpaka 31 Desemba 1947. Ukiwa mwanajeshi na ukafa ndani ya hizo tarehe ukiwa bado kazini, umeingia, iwe ni risasi, iwe homa, iwe pikipiki, iwe umejiua, hawaulizi. Lakini ukiwa baharia wa meli za biashara tarehe peke yake haitoshi. Lazima ionyeshwe kwamba kifo chenyewe kilitokana na vita: topido, bomu la kutegwa majini, ndege za adui, majeraha ya hayo, au ulifia mikononi mwa adui ukiwa mfungwa. Malaria ya Mombasa haimo. Kuanguka kutoka ngazi ya meli gizani haimo, hata kama lile giza lenyewe liliwekwa kwa makusudi ili nyambizi zisione taa za meli.

Hapo kwenye giza ndipo mimi huwa nashindwa kukubaliana nao kabisa. Kanuni ina mantiki yake, naielewa, raia walikuwa wengi na walikuwa wanakufa kwa sababu zile zile za kila siku, huwezi kumhesabu kila mfanyakazi wa kampuni kuwa mfu wa vita ati tu kwa sababu vita vilikuwa vinaendelea mahali. Lakini baharia hakuwa mfanyakazi wa duka. Alikuwa kwenye meli iliyopakwa rangi ya kijivu, ina mzinga nyuma, inatembea kwa msafara chini ya amri ya manowari. Ni kama dereva wa lori la kukodi anayeambiwa afuate vifaru mpaka mstari wa mbele, halafu akifa kwa kukosa usingizi unasema hiyo ni ajali ya barabarani.

Kuna na wale walioangukia katikati. Baadhi ya mabaharia wa biashara walisaini kontrakti maalum zilizoitwa T.124, wakahudumu kwenye meli zilizochukuliwa na jeshi la majini, na hao wakahesabiwa upande wa jeshi. Kwa hiyo unaweza kukuta ndugu wawili, wote mabaharia wa biashara toka ujana, wote wamekufa kwa homa mwaka mmoja, mmoja ana jiwe mwingine hana, na tofauti ni karatasi gani kila mmoja aliwekewa mezani asaini.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kudhani kaburi na jina ni kitu kimoja. Tume ina njia mbili za kukumbuka. Kama mwili upo na unajulikana ulipo, unawekewa jiwe. Kama mwili haupo, jina linaandikwa kwenye mnara. Kwa mabaharia wa biashara wa Uingereza mnara huo uko Tower Hill, London, karibu na mto Thames. Sehemu ya Vita vya Kwanza ilichorwa na Edwin Lutyens ikafunguliwa 1928, ina majina karibu 12,000, sehemu ya Vita vya Pili ilifunguliwa 1955, ina karibu 24,000. Wote hao ni watu ambao kaburi lao ni bahari. Hebu angalia venye mambo yanageuka hapo: aliyezama na meli katikati ya Atlantiki, ambaye hakuna binadamu aliyeona mwili wake, jina lake limechongwa kwenye shaba katikati ya London. Mwenzake aliyefika pwani hai, akalazwa wiki tatu, akafa na kuzikwa na watu wanaomjua kwenye kaburi lenye namba, huyo anaweza kuwa hana jina popote. Ndio maana wanaotafuta makaburi yaliyosahaulika hawaendi sana mahali vita vilipiganwa, wanaenda miji ya bandari yenye hospitali.

Na Mombasa ilikuwa mji wa namna hiyo. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Mwingereza aliondoa sehemu kubwa ya meli zake za vita huko akazileta Kilindini. Juni na Julai mwaka huo huo nyambizi za Japani zikaingia mkondo wa Msumbiji, zikazamisha meli 20 na ushei. Kwa hiyo vita vya baharini havikuwa story za Ulaya tu, vilikuwa hapa chini kidogo, na watu waliookolewa walishushwa kwenye bandari zetu.

Sasa tuongee kuhusu nani hasa walikuwa kwenye hizo meli, juu ukisikia "baharia wa Uingereza" unaweza kufikiria mzungu mwenye kofia. Wengi sana walikuwa Wahindi, hao waliitwa laskari, wengine Wachina, Wayemeni wa Aden, Wasomali, watu wa Afrika Magharibi. Kule chini kwenye moto wa injini ndiko walikojazwa, na mshahara wao ulikuwa sehemu tu ya ule wa mzungu kwa kazi ile ile. Na topido ikigonga, aliye chini kwenye injini huwa wa mwisho kuona anga, kama ataiona.

Chukua meli ya Tilawa. Ilikuwa inatoka Bombay kuja Mombasa, kisha iendelee Maputo na Durban, ndani kuna watu zaidi ya 900, wengi wao familia za Kihindi zenye ndugu huku Afrika Mashariki. Tarehe 23 Novemba 1942 nyambizi ya Kijapani ikaipiga, watu 280 wakafa, manowari ya Birmingham ikaokoa karibu wote waliobaki na kuwarudisha Bombay. Mabaharia wa Kihindi waliokufa kwenye meli kama hizi hawakuandikwa Tower Hill. Majina yao yamo kwenye kitabu cha kumbukumbu, nakala moja Chittagong na nyingine Mumbai, majina zaidi ya 6,000. Kitabu, sio ukuta. Ili usome jina la babu yako inabidi mtu akufungulie. Abiria nao hawakuwa wa tume, walikuwa raia wasafiri. Na Tilawa ina sehemu ya pili inayochekesha kwa uchungu, ilikuwa imebeba vipande vya madini ya fedha zaidi ya 2,300 vya serikali ya Afrika Kusini, vikaopolewa 2017 kutoka kilomita mbili na zaidi chini ya bahari, kesi ikapelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza na hukumu ikatoka 2024. Ile fedha ilipata mawakili wazuri.

Halafu kuna meli ya Khedive Ismail, hii ndiyo inayotugusa Nairobi moja kwa moja. Ilitoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, imebeba askari karibu 1,000 wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi, wanajeshi wa majini, na mabaharia wake. Tarehe 12 Februari karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili, ikazama ndani ya dakika chache sana, wakafa watu 1,297. Walionusurika ni 214 tu. Askari wa Afrika Mashariki waliozama humo wanakumbukwa kwenye mnara wa East Africa Memorial uliopo pale pale kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, ukiingia tu. Wanamaji wa jeshi wako kwenye minara ya bandari zao Uingereza. Mabaharia Waingereza wa meli wako Tower Hill. Laskari wako kwenye kile kitabu. Yaani watu waliokuwa wakila chakula cha jikoni moja wiki nzima, wakafa alasiri moja, wametawanywa nchi nne kufuatana na nani alikuwa amemwajiri nani. Ukitaka kuwaona wote pamoja hakuna mahali.

Tuseme sasa una kaburi. Umelikuta kwenye makaburi ya zamani ya mji wa bandari, au umesikia nyumbani kwamba mjomba wa babu alikuwa baharia akazikwa mahali fulani, unataka liwekewe alama. Hapo kuna kazi mbili na watu huzichanganya kila siku: kuthibitisha mtu, na kuthibitisha mahali. Unaweza kuwa na moja bila nyingine.

Kuthibitisha mtu ni vita vya makaratasi. Unaanza na meli, sio jina, manake majina ya hawa watu yaliandikwa na karani aliyekuwa na haraka na sikio la kigeni, Saidi anakuwa Syed, anakuwa Sayeed, anakuwa Side, na kuna akina Ali Mohamed wa kutosha kujaza meli. Lakini meli ina jina moja na namba moja ya usajili. Karatasi nyingi ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew. Rejista za vifo baharini ziko kwenye mfululizo BT 334, orodha za mabaharia na daftari za meli za wakati wa Vita vya Pili ziko BT 381, kadi zinazoonyesha meli ilikuwa bandari gani tarehe gani ziko BT 389. Kwa Vita vya Kwanza orodha nyingi za mabaharia hazikuhifadhiwa zote pamoja, lakini zile za mwaka 1915 zimeandikwa upya na watu wa kujitolea na unazisoma bure kwenye intaneti. Unachotafuta humo ni sababu ya kifo. "Homa ya mapafu" haikusaidii peke yake. "Homa ya mapafu baada ya siku 11 kwenye mashua ya kuokolea, meli ilipigwa topido" inabadilisha kila kitu, ugonjwa ule ule, lakini sasa umeunganishwa na adui. Ndio maana daftari la nahodha na barua za hospitali ni dhahabu, na ndio maana baharia ambaye hakuna mtu aliyejisumbua kuandika habari zake kwa sentensi nzima anashindwa hata akiwa amestahili. Kanuni inaonekana sawa kwa wote ila ushahidi haukukusanywa sawa kwa wote.

Ukishakusanya unapeleka tume, nao wanapitisha kwa mamlaka husika itoe uamuzi. Inachukua muda, usitegemee wiki mbili. Kuna kikundi cha kujitolea Uingereza kinaitwa In From the Cold Project ambacho kazi yake ni hiyo tu, kutafuta majina yaliyoachwa na kuyapigania, na wamefanikisha maelfu. Kwa hiyo mlango upo wazi hata leo, haujafungwa 1947.

Kuthibitisha mahali ndiko kunakochosha zaidi. Unahitaji rejista ya makaburi yenye namba ya shimo, na rejista za zamani zimeliwa na mchwa, zimelowa, zimehamishwa ofisi mara nne. Maskini wa bandarini walizikwa wengi kwenye shimo moja bila alama, kwa hiyo hata ukijua ni sehemu hii huwezi kusema ni hapa. Hapo tume huwa inaweka jiwe lenye maneno ya kuonyesha kwamba mtu huyu amezikwa mahali fulani ndani ya makaburi haya, au inaandika jina kwenye mnara. Bado kuna mwenye ardhi, kaunti au kanisa au msikiti au jamii fulani, na bila ruhusa yake hakuna jiwe linaloshushwa kwenye lori.

Na hapa nataka nikae kidogo, juu sioni watu wakiliongea. Sio kila kaburi lisilo na jiwe limesahauliwa. Pwani yetu, na huko Yemen na Somalia walikotoka hao wachochea makaa, Waislamu wengi huzika kwa udongo ulioinuliwa kidogo, jiwe dogo kichwani pengine, bila maandishi, na wana sababu zao za dini. Mabaharia wa Kihindu walichomwa, hao kaburi hawana kwa kutaka kwao. Mtu mwenye nia nzuri akija na jiwe la Ulaya la kimo cha karibu mita moja, lenye nembo, akaliweka juu ya Mwislamu ambaye wajukuu wake wako Majengo wanajua kabisa alipo, huyo hajakumbuka mtu, ameleta kiburi. Unauliza kwanza imamu, unauliza wazee, unauliza kama kuna ukoo. Pengine watakachotaka ni jina tu kwenye orodha na kaburi libaki venye lilivyo.

Halafu kuna wale ambao wamethibitishwa kila kitu na bado hawastahili, kama yule wetu wa malaria. Tume haiwezi kulipia hilo jiwe. Hapo ni ndugu, chama cha mabaharia, kanisa, au wenyeji wanachanga, wanaweka kijiwe chao cha kawaida, na hakuna sheria inayowazuia mradi mwenye ardhi amekubali na hawaigizi jiwe la tume. Mimi naona hii ndiyo njia halisi kwa wengi wao. Kuendelea kusukuma kesi ambayo karatasi zake hazipo kunamaliza nguvu za watu, na huku kaburi lenyewe linazidi kuzama kila msimu wa mvua.

Kuna wanaouliza kama ile ripoti ya tume ya 2021, ya watu walioachwa nje ya kumbukumbu, haikushughulikia haya. Ile ilikuwa nzito, tume yenyewe ilikubali kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki na Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao, na wengine angalau 116,000, huenda hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Lakini ilihusu Vita vya Kwanza, na zaidi askari na wapagazi, wale ambao mtaa wa Kariokor hapa Nairobi umebeba jina lao. Kuna matunda yameanza kuonekana, Januari 2025 Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi 1,772 wa vikosi vya kazi, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa. Baharia wa biashara hakuwa kwenye hiyo hesabu, sababu ni ile ile, kwa karatasi yeye sio wa jeshi.

Kwa hiyo kama kwenu kuna hiyo habari ya mzee aliyeenda na meli asirudi, fanya hivi kabla hujaandikia mtu yeyote. Kaa na wakubwa wa nyumbani uandike jina lake kwa kila namna wanavyolitamka, jina la baba yake, kijiji, bandari aliyopandia, na jina la meli hata kama wanalikumbuka nusu. Angalia kama kuna karatasi au medali kwenye sanduku, medali za mabaharia wa Vita vya Pili zina faili lake Kew, BT 395. Halafu ingia kwenye orodha ya tume, ni bure, usitafute jina kwanza, tafuta meli na tarehe, soma wote waliokufa nayo mmoja mmoja kwa sauti, juu kuna majina ambayo jicho linayapita lakini sikio linayatambua.